Doa Jeusi Nyuma ya Jicho: Historia ya Picha Zilizookoa Macho ya Wazee



Nimekuwa kimya kwa siku kadhaa, si kwamba nimeishiwa maneno, ni msuli tu. Leo naomba tuzungumze historia, lakini si ile ya Mkutano wa Berlin tuliyoikariri tangu sekondari (ingawa Berlin itajitokeza, subirini). Nataka kuzungumzia historia ya picha za nyuma ya jicho, na jinsi zilivyobadilisha jambo moja zito: mzee anapokutwa na doa jeusi ndani ya jicho, je, ni alama tu kama baka la ngozini, au ni saratani itakayomwua? Kuna wakati jibu la swali hilo lilipatikana jicho likiwa limeshatolewa. Na mara nyingi mno, jibu likawa: kumbe halikuwa na saratani.

Kwa nini mwanafunzi wa ualimu aandike habari za macho? Kwa sababu nikisoma habari hizi naona somo letu la historia limo ndani yake, tena kwa namna inayoeleweka kuliko katika vitabu vingi vya mbinu za kufundishia. Tunafundishwa kwamba huwezi kusema kitu kimebadilika kama una ushahidi wa siku moja tu. Lazima uwe na jana na leo. Madaktari wa macho walijifunza hilo kwa gharama ya macho ya watu.

Kwa nini mboni ni nyeusi?

Tuanze na swali ambalo mtoto wa darasa la tatu anaweza kukuuliza ukakosa jibu: kwa nini katikati ya jicho kuna weusi? Nyuma ya jicho hakuna giza la ajabu. Kuna ukuta mwekundu, wenye mishipa mingi ya damu. Mwanga unaingia na sehemu yake inarudi. Tatizo ni kwamba mwanga huo unarudi kwa njia ile ile ulioingilia, kwenda kwenye taa. Ili uuone ni lazima jicho lako liwe mahali ilipo taa, na ukiweka kichwa hapo unaiziba. Ndiyo maana kwa karne nyingi watu waliona macho ya paka yaking'aa usiku, wakadhani ya binadamu hayarudishi mwanga hata kidogo.

Jan Purkinje, mwanasayansi wa Kicheki aliyefundisha Breslau (leo ni Wrocław, Poland), alieleza mwaka 1823 namna ya kuona ndani ya jicho kwa mwanga wa mshumaa unaorudishwa na lenzi ya miwani. Hakuna aliyemjali. Mwaka 1847 Charles Babbage, yule Mwingereza tunayetajiwa kila somo la kompyuta linapoanza, alitengeneza kifaa cha kuangalia ndani ya jicho na kumwonyesha daktari wa macho Thomas Wharton Jones. Daktari hakuona faida yake, kifaa kikawekwa kando. Wharton Jones alikuja kukiandika mwaka 1854, wakati mwingine ameshachukua sifa.

Huyo mwingine ni Hermann von Helmholtz. Mwaka 1850 alikuwa na miaka 29, akifundisha katika chuo kikuu cha Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad, Urusi. Hapa walimu wenzangu tegeni masikio: Helmholtz hakuwa akitafuta kuvumbua chochote. Alikuwa akiandaa somo! Alitaka kuwaeleza wanafunzi wake kwa nini jicho huweza kung'aa, jambo ambalo Ernst Brücke na Mwingereza William Cumming walikuwa wameshalichunguza. Katika kupanga namna ya kulieleza ndipo akajiuliza: mwanga huu unaotoka unachora picha gani? Akachukua karatasi ngumu, gundi na vipande vya kioo vya hadubini. Kioo kilicholazwa mshazari kiliupeleka mwanga wa taa ndani ya jicho, na papo hapo yeye akachungulia kupitia kioo hicho hicho. Taa na jicho la mtazamaji vikawa kama vimekaa mahali pamoja. Desemba 1850 alitoa taarifa kwa chama cha wanafizikia cha Berlin, na mwaka 1851 akachapisha maelezo kamili. Kifaa hicho ndicho oftalmoskopu.

Kwa hiyo siku nyingine ukiona mwalimu anahangaika na andalio la somo usiku, usimcheke.

Kuona si kukumbuka

Huko Berlin, Albrecht von Graefe aliichukua oftalmoskopu akaifanya silaha ya kila siku kliniki. Christian Ruete akaongeza mwaka 1852 kioo chenye tundu katikati, na njia ya kutumia lenzi ya pembeni ili kuona eneo pana zaidi. Ndani ya miaka michache, uvimbe uliokuwa ukigunduliwa ukiwa umeshaharibu jicho zima ukaanza kuonekana ungali ndani, jicho likiwa bado zima kwa nje.

Lakini kuna tatizo hapo. Daktari aliona, kisha akafunga daftari. Mgonjwa akirudi baada ya mwaka, daktari anabaki na nini? Kumbukumbu yake na maneno aliyoandika: "doa la kijivu, ukubwa wa wastani". Wastani wa nani? Wengine walijitahidi kuchora. Richard Liebreich alitoa kitabu cha michoro ya nyuma ya jicho mwaka 1863, na Eduard Jaeger wa Vienna akatoa cha kwake mwaka 1869. Michoro ya Jaeger ni mizuri hadi leo, lakini mchoro mmoja ulidai muda mwingi na subira ya mgonjwa. Huwezi kumchora kila mzee anayeingia kliniki.

Basi watu wakageukia kamera. Mwaka 1886 Waingereza wawili, W. T. Jackman na J. D. Webster, walichapisha picha ya retina ya mtu aliye hai. Mgonjwa alitakiwa akae bila kutikisa jicho kwa dakika mbili na nusu, kamera ikiwa imefungwa kichwani. Jaribu wewe kukodoa macho sekunde thelathini tu! Picha ilikuwa hafifu, na mng'ao wa kioo cha mbele ya jicho uliiharibu sehemu kubwa.

Mng'ao huo ndio uliosumbua kwa miongo. Allvar Gullstrand wa Sweden, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1911, alionyesha dawa yake: mwanga wa kuingia upite sehemu moja ya mboni, na wa kutoka upite sehemu nyingine, visikutane. Msweden mwenzake, Johan Nordenson, akishirikiana na kampuni ya Zeiss, akaitumia kanuni hiyo kutengeneza kamera iliyoingia sokoni mwaka 1926. Baadaye zikaja flashi za umeme katika miaka ya 1950, mwanga mkali kwa nukta ndogo tu ya sekunde, na filamu za rangi. Sasa picha ikawa kazi ya kawaida. Daktari akaweza kuweka ya mwaka jana na ya mwaka huu juu ya meza, akalinganisha.

Macho 100 kati ya 529

Kabla hatujaendelea, tujue tunazungumzia nini. Nyuma ya retina kuna tabaka linaloitwa koroidi, limejaa mishipa ya damu na chembe zenye rangi nyeusi, zile zile za ukoo wa zinazotupa rangi ya ngozi. Chembe hizo zikijikusanya mahali pamoja huwa doa, na madaktari huliita nevasi. Kwa lugha ya nyumbani ni baka, ila limekaa ndani ya jicho. Nyingi hazina neno kabisa. Mtu anazeeka nalo na kuzikwa nalo bila kujua. Lakini chembe hizo hizo zikiasi zinakuwa melanoma, saratani inayopenda kwenda kwenye ini, na ikishafika huko kupona huwa kugumu sana.

Jicho la mzee linaongeza utata. Uzee huleta damu kuvuja chini ya retina katika ugonjwa wa makula, na damu iliyoganda hapo huonekana nyeusi. Kuna mabaka bapa ya kuzaliwa nayo kwenye tabaka la rangi la retina, meusi kama masizi, yasiyo na madhara. Kuna uvimbe mweusi kwenye kichwa cha neva ya jicho, ambao Lorenz Zimmerman na Levon Garron waliueleza mwaka 1962 kuwa ni melanositoma, kitu ambacho kwa kawaida ni cha amani, na ambacho watu weusi nao hupata. Vyote hivi kwa mtu anayechungulia haraka vinaweza kufanana.

Sasa sikieni hili. Mwaka 1964 Andrew Ferry alichapisha uchunguzi wa macho yaliyotolewa kwa wagonjwa kwa sababu madaktari waliamini yana melanoma. Maabara ilipoyapasua macho 529, macho 100 hayakuwa nayo. Mia moja! Karibu jicho moja katika kila matano. Ndani yake mlikuwa na nevasi za kawaida, damu ya ugonjwa wa makula, retina iliyobanduka, na kadhalika.

Mimi nikisoma takwimu hiyo huwa sioni 100. Naona bibi mmoja ametoka hospitali na bandeji usoni, ameambiwa ameokolewa, kumbe amepoteza jicho bure. Na wala siwalaumu wale madaktari. Waliogopa kitu cha kweli. Ukimwacha mgonjwa na jicho lenye melanoma unaweza kumzika. Ukiling'oa jicho zima umempofusha upande mmoja. Bila ushahidi bora, kila njia ilikuwa na maumivu yake, wakachagua ile iliyoonekana kuokoa roho.

Wanafunzi wawili na sarafu moja

Ushahidi bora ulitoka wapi? Kidogo huku, kidogo kule. Charles Schepens, Mbelgiji aliyewahi kufanya kazi za siri kuwatorosha watu wakati wa Vita Kuu ya Pili, alitengeneza baada ya vita oftalmoskopu ya kuvaa kichwani inayotumia macho yote mawili, hivyo daktari akaweza kuona kina na kufika pembezoni mwa retina. Mwaka 1956 G. H. Mundt na W. F. Hughes walielekeza mawimbi ya sauti ndani ya jicho ili kupima uvimbe. Mawimbi hayo yana faida kubwa: yanapita hata jicho likiwa na mtoto wa jicho au damu, na yanatoa unene kwa milimita.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Indiana, Marekani. Harold Novotny na David Alvis walikuwa vijana wa mafunzo ya udaktari, rika letu tu kwa kukisia. Walitaka kuona damu inavyopita kwenye mishipa ya retina. Wakawaza: tuchome kwenye mshipa wa mkono rangi inayoitwa fluoresini, ambayo ukiimulika kwa mwanga wa buluu inang'aa kijani-njano, halafu tupige picha mfululizo kupitia vichujio viwili. Swali likawa: nani achomwe sindano ya kwanza? Wakarusha sarafu. Alvis akaangukiwa, akawa ndiye mgonjwa wa kwanza. Jarida moja la macho liliikataa makala yao, ikachapishwa mwaka 1961 katika jarida la magonjwa ya moyo. Baada ya hapo dunia nzima ya tiba ya macho ikaifuata njia hiyo.

Kwa mara ya kwanza picha haikuonyesha doa likiwa limelala tu. Ilionyesha tabia yake: damu inaingia lini, inavuja au haivuji, kuna mishipa ya ziada ndani ya uvimbe au hakuna. Ile damu ya ugonjwa wa makula ikajitenga na melanoma.

Matokeo yake? Miaka ya 1980 ulianza nchini Marekani na Kanada utafiti mkubwa wa melanoma ya koroidi, unaojulikana kwa kifupi cha COMS. Taarifa yake ya mwaka 1990 iliangalia macho 413 yaliyotolewa. Mangapi hayakuwa na melanoma? Mawili. Kutoka jicho moja katika kila matano hadi chini ya moja katika kila mia mbili. Mwanahistoria mwangalifu atasema, na atakuwa sahihi, kwamba makundi haya mawili hayalingani moja kwa moja. COMS ilichagua uvimbe mkubwa kiasi, na kazi ilifanywa na mabingwa. Sawa. Lakini hata ukipunguza hapo, tofauti inabaki kubwa mno kuitia mashaka.

Na utafiti huo huo ukaja na habari nyingine mwaka 2001. Wagonjwa 1,317 wenye uvimbe wa ukubwa wa kati waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walitolewa jicho, nusu walishonewa nje ya jicho kisahani chenye madini ya iodini yenye mionzi kwa siku chache. Baada ya miaka mitano waliokuwa hai walikuwa asilimia 81 upande mmoja na 82 upande mwingine. Maana yake, hata kwa mwenye saratani kweli, kung'oa jicho hakukumwongezea maisha. Tafakari ni macho mangapi yalitolewa kwa imani kwamba hakuna njia nyingine.

Kukata jicho bila kisu

Novemba 1991 kundi la watafiti wa MIT na Harvard, wakiwemo David Huang (ambaye naye alikuwa bado mwanafunzi, mnaona mambo hayo?), Eric Swanson na James Fujimoto, walichapisha njia iliyopewa jina la OCT. Ni sawa na mawimbi ya sauti, isipokuwa hapa mwangwi ni wa mwanga. Mwanga hukimbia mno kwa saa yoyote kupima urejeo wake, kwa hiyo wanaugawa mara mbili, sehemu moja iende jichoni na nyingine kwenye kioo, kisha wanaangalia zinavyogongana zikirudi. Mwaka 1993 zikapatikana picha za kwanza za retina ya mtu hai. Ni kama umekata retina kwa wembe na kuitazama kwa ubavu, bila kumgusa mtu. Majimaji kidogo sana juu ya doa, ambayo jicho la daktari lisingeyaona, OCT inayaona. Mwaka 2008 Richard Spaide na wenzake wakaeleza namna ya kuisogeza picha hiyo ndani zaidi hadi kwenye koroidi, ambako nevasi zenyewe zinakaa.

Mwaka 1995 huko London, watafiti wa hospitali ya Moorfields walionyesha mbinu ya kupiga picha mng'ao unaotoka kwenye retina yenyewe bila kuchoma rangi yoyote. Kinachong'aa ni takataka za uzeeni ndani ya chembe, zinaitwa lipofusini. Zikijilimbikiza juu ya doa huonekana za rangi ya chungwa kwa macho, na kwenye picha ya aina hii zinawaka kabisa. Ni dalili mojawapo ya hatari.

Na kuna kisa cha Douglas Anderson wa Scotland. Mwanawe mdogo alipoteza uwezo wa jicho moja kwa sababu retina ilibanduka na haikugunduliwa mapema. Baba huyo akaanzisha mwaka 1992 kampuni ya Optos, ikatoa mashine inayopiga kwa leza eneo la nyuzi 200 kwa mara moja, wakati kamera za kawaida zilikuwa zikichukua nyuzi 30 hadi 50. Madoa ya pembezoni yakaanza kuonekana. Tena leza zake ni mbili, nyekundu na ya kijani, na hapo pana ujanja mtamu: nyekundu inazama hadi koroidi, kijani inaishia kwenye retina. Doa linaloonekana kwenye nyekundu na kutoweka kwenye kijani liko nyuma, yaani huenda ni nevasi. Linaloonekana kwenye zote mbili linaelekea kuwa lile baka bapa la kuzaliwa. Rangi mbili, majibu mawili.

Mwaka 2019 Carol Shields na wenzake wa Wills Eye Hospital, Philadelphia, walikusanya nevasi 2,355 zilizopigwa picha na kufuatiliwa, wakauliza ni zipi ziligeuka kuwa melanoma. Wakabaki na mambo sita ya kuangalia: unene wa zaidi ya milimita 2 na uwazi wa ndani (vyote kwa mawimbi ya sauti), majimaji (kwa OCT), rangi ya chungwa (kwa mng'ao), upana wa zaidi ya milimita 5 (kwa picha ya kawaida), na kupungua kwa uwezo wa kuona. Doa lisilo na hata moja lilikuwa na hatari ya asilimia 1 ndani ya miaka mitano. Lenye moja, asilimia 11. Lenye mawili, 22. Lenye matatu, 34. Angalieni: katika mambo sita, matano ni ya picha na vipimo. Ni lile moja tu ambalo mgonjwa mwenyewe anaweza kulisema.

Uzee nao una neno lake. Timu hiyo hiyo ilionyesha mwaka 2011 kwamba nevasi inaweza kupanuka polepole bila kuwa saratani. Walifuatilia madoa 284 kwa wastani wa miaka 15, na asilimia 31 yaliongezeka kidogo. Kwa walio chini ya miaka 40 ilikuwa asilimia 54, kwa waliozidi 60 ni 19 tu. Kwa hiyo doa linalokua kwa kijana si jambo la kushtusha sana, lakini doa linalokua kwa mzee linastahili macho makali zaidi. Na utajuaje kwamba linakua? Kwa picha ya zamani. Hakuna njia ya mkato.

Mwandishi na daktari Oliver Sacks anatukumbusha kwamba haya si hesabu tu. Mwaka 2005, akiwa na miaka 72, aligunduliwa melanoma ndani ya jicho. Alitibiwa kwa mionzi na leza, akaandika juu ya hali hiyo katika kitabu chake The Mind's Eye cha mwaka 2010, na akafariki mwaka 2015 baada ya saratani kufika kwenye ini. Aliishi karibu miaka kumi, akiandika. Ila ugonjwa huu haujapata mkombozi kamili, tusidanganyane.

Na sisi huku?

Najua kuna mtu keshauliza: hii si habari ya Wazungu? Kwa sehemu, ndiyo. Picha ndizo zilizotupa hesabu. Utafiti wa Blue Mountains, Australia, ulipiga picha macho ya watu zaidi ya 3,600 wenye miaka 49 na kuendelea, ukakuta nevasi kwa asilimia 6.5. Utafiti mwingine wa Marekani uliolinganisha makundi, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta asilimia 4.1 kwa Wazungu na 0.7 kwa watu weusi. Melanoma ya ndani ya jicho nayo ni adimu kwetu kuliko kwao. Babu yako akipoteza uwezo wa kuona, kwanza fikiria mtoto wa jicho, presha ya macho na kisukari kabla hujafikiria haya.

Lakini adimu si sawa na hakuna. Na kamera ikishafika kwa ajili ya kisukari, haichagui cha kuona. Nakuru, Kenya, watafiti walipima macho ya watu 4,414 wenye miaka 50 na zaidi mwaka 2007 na 2008, wakawarudia wengi wao baada ya miaka sita hivi. Humo ndimo Andrew Bastawrous na wenzake walipojaribu kifaa cha kupachika kwenye simu ili kupiga picha nyuma ya jicho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba hata mtu asiye daktari, akifundishwa, anaweza kupata picha za neva ya jicho zinazokaribia ubora wa zile za kamera kubwa ya mezani. Lengo lao halikuwa nevasi, na simu haiwezi kutofautisha nevasi na melanoma peke yake. Ila picha ya Nakuru ya mwaka 2013 ipo. Mzee yule akirudi leo akiwa na doa, kuna "jana" ya kulinganishia. Hicho ndicho wale wagonjwa wa Ferry hawakuwa nacho.

Hapo ndipo naiona historia yetu, wadau. Kilichopunguza macho yaliyong'olewa bure hakikuwa mashine peke yake. Ilikuwa pia tabia ya kutunza ushahidi na kukubali kusubiri: piga picha leo, weka tarehe, mrudishe mgonjwa baada ya miezi kadhaa, linganisha, ndipo useme. Hukumu ya siku moja iligharimu macho 100.

Kwa hiyo ukimpeleka mzazi kupimwa macho na wakampiga picha, omba nakala. Iandike tarehe, itunze pamoja na vyeti vya nyumbani. Na akiambiwa ana doa ndani ya jicho, asikimbilie kulia wala kupuuza. Aulize lina unene gani, lina upana gani, na arudi lini kulinganishwa.

Haya, narudi kwenye msuli. Mwenye bibi au babu aliyewahi kupitia haya atusimulie, tujifunze pamoja. Wiki njema!